Uliza Fundi: Mbona kavareji inanidanganya?

Mwezi huu sijui mmeambiana, karibu barua zote zimeangukia sehemu moja, coverage.py (ndiyo kavareji), ile programu ya Python inayokuonyesha testi zako (kodi ndogo za kukagua kodi yako) zimepita mistari ipi ya kodi na ipi haijaguswa (kodi nasema hii tunayoandika sisi, sio ile ya TRA, ya TRA muulize mwingine). Nimechagua saba. Barua mbili nimezifupisha maana zilikuwa na matusi kwa programu ya watu.

Shikamoo fundi. Nina projekti ya Python ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Testi zote zinapita lakini ripoti ya HTML imenivuruga kichwa, kwenye models.py mstari wa `class Mkopo` mwekundu, mstari wa `def jumla_ya_riba(self)` mwekundu, halafu humo ndani mstari wa `return` ni kijani! Mtu anaingiaje chumbani bila kupita mlangoni? Natumia pytest (ile ya kuendesha testi) na `--cov` (inayoita coverage kupitia pytest). — Mdogo wako, Mbezi

Marahaba mdogo wangu. Ukiona kichwa chekundu tumbo kijani, usihangaike na testi zako, hazina kosa. Coverage ni kama mlinzi wa getini na daftari lake, anaandika anayepita yeye akiwepo. Walioingia saa 11 alfajiri wakati yeye bado yuko kwenye daladala hawamo kwenye daftari, lakini wakitoka kwenda dukani mchana anawaandika vizuri tu. Sasa Python nayo mstari wa `def` inaupita mara moja tu, pale faili linapoimpotiwa (linapovutwa na faili jingine kwa `import`), na ule wa `class` vilevile. Mistari ya ndani inapitwa kila fanksheni ikiitwa. Kwa hiyo kwako models.py iliimpotiwa kabla coverage haijaanza kazi, basi, hakuna uchawi.

Nani kaiimpoti mapema? Nimeangalia pytest.ini uliyonitumia, kwenye addopts (chaguo ambazo pytest inajiongezea kila ikiitwa) umeandika `-p vikoba.visaidizi`, na hicho kifaili cha visaidizi juu kabisa kina `from vikoba.models import Mkopo`. Plagini za `-p` zinapakiwa mapema mno, kabla pytest-cov (ndiyo hiyo `--cov` yako) haijashika kalamu. Toa `--cov` kwenye addopts halafu fanya hivi:

    coverage run --source=vikoba -m pytest
    coverage report -m

Hapo coverage ndo inaanza ya kwanza kabisa halafu yenyewe inaiita pytest. Ukiona unaipenda sana `--cov` basi hamishia hiyo impoti ndani ya fanksheni inayoihitaji, isikae juu. Na siku nyingine soma yale maonyo yanayopita kwenye terminali kabla ya ripoti, kwako huenda kulikuwa na lile la `Module vikoba was previously imported, but not measured`, lilikuwa linakwambia hayahaya ninayokwambia mimi. Nakusema lakini na mimi yalinikuta, nilishawahi kukesha usiku mzima naandika testi mpya 12 za faili ambalo tayari lilikuwa na testi, asubuhi mistari ya `def` bado myekundu vilevile.

Hujambo fundi, mimi niko Mombasa, tunatumia FastAPI (ya kutengeneza API za wavuti) na SQLAlchemy (ya kuongea na hifadhidata) ile ya async, isiyosimama kusubiri. Kila fanksheni yetu, mstari ule wa `await session.execute(...)` ni kijani na kila kitu chini yake mpaka mwisho chekundu. Na nimeweka `print` pale chini, inachapisha! Mwenzangu kazini aniambia nibandike `# pragma: no cover` niendelee na maisha yangu. — Msomaji, Kisauni

Sijambo ndugu yangu, na mwenzio mwambie apunguze haraka. Hiyo pragma kazi yake ni kuiambia coverage huu mstari usiuhesabu, kwa ile mistari ambayo kweli huna mpango wa kuipima, mfano `if __name__ == "__main__"`. Ukiibandika kwenye mistari ambayo testi zinaipita kila siku unakuwa umelifunika shimo kwa mkeka, na siku testi ikiacha kweli kuipita hutajua.

Tatizo lako ni greenlet. SQLAlchemy ya async ndani kwa ndani inatumia greenlet kuunganisha ile kodi yake ya zamani isiyo ya async na `await` yako, yaani inaruka kutoka mkondo mmoja wa utekelezaji kwenda mwingine na kurudi, yote hayo ndani ya thredi moja. Coverage usipoiambia kitu inadhani kuna thredi za kawaida tu. Ikirushwa hivyo inapoteza hesabu ya iko fanksheni gani, na mistari inayofuata baada ya kurudi haiandikwi popote. Kwenye .coveragerc, faili la mipangilio ya coverage, weka

    [run]
    concurrency = thread, greenlet

Ule mstari mmoja tu. Kama kuna mahali mnatumia gevent au eventlet (ndugu zake greenlet) nazo zina majina yao hapohapo, usizirundike zote kwa kubahatisha, weka ile mnayoitumia kweli. Halafu futa faili la zamani kwa `coverage erase` kabla ya kurudia, nimeona wengi wanarekebisha mipangilio kisha wanaendelea kusoma ripoti ya jana.

Fundi mambo. Sisi tuna 100%. Sio 98, mia. Bosi aliifurahia mpaka akaipiga skrinishoti akaituma kwenye grupu. Jumatatu mwanachama mmoja kachelewesha rejesho siku 3 tu, programu ikaanguka. Sasa naulizwa mia ilikuwa ya nini. Kodi hii hapa. — Niliyeumbuka, Tabata

Poa, pole sana kwa skrinishoti. Nimekata mengine nimebakiza panapouma:

    def faini(siku):
        if siku > 7:
            kiasi = siku * 500
        return kiasi

Na testi yako ni moja, `assert faini(10) == 5000` (hiyo `assert` ndo inayokagua jibu). Hesabu mwenyewe kwa kidole: mstari wa 1 umepitwa, wa 2 umepitwa, wa 3 umepitwa kwa sababu 10 imezidi 7, wa 4 umepitwa. Mistari minne kati ya minne, mia kwa mia, coverage haijasema uongo hata kidogo. Ila aliyechelewa siku 3 anaruka kutoka mstari wa 2 moja kwa moja mpaka wa 4, anafika kwenye `return kiasi` na hicho kiasi hakijazaliwa, Python inakutupia UnboundLocalError. Hiyo njia ya kutoka 2 kwenda 4 hakuna testi iliyoipita na wewe hukuuliza habari za njia, uliuliza habari za mistari.

Uliza za njia basi:

    coverage run --branch -m pytest
    coverage report -m

Faili hilohilo, testi ileile, sasa inakupa 83%. Inatoka wapi? Mistari 4 na matawi 2 (njia mbili za kutoka kwenye `if`, kuingia ndani au kuruka) ni 6, umepita mistari 4 na tawi 1, ni 5 kwa 6. Na pale kwenye safu ya Missing utaona `2->4`, ndo mwanachama wako wa Jumatatu huyo anakuangalia. Mimi hii `branch = true` naiweka kwenye .coveragerc siku ya kwanza ya projekti kabla hata sijaandika testi, maana ukisubiri mpaka baadaye asilimia inashuka na bosi anaanza kuuliza mmeharibu nini.

Sasa usije ukakimbia na hiyo ukadhani umemaliza, maana najua utafanya nini, utaibana kodi iwe mstari mmoja:

    kiasi = siku * 500 if siku > 7 else 0

Kosa limeondoka, safi. Lakini hapa coverage kipofu kabisa, hata na `--branch`. Yenyewe inaangalia kuruka kutoka mstari mmoja kwenda mstari mwingine, na huu wote ni mstari mmoja, kwa hiyo uupime kwa 10 peke yake au kwa 10 na 3, kijani ni kilekile. Vilevile `if ni_mwanachama and ana_akiba:`, inakuonyesha kama umeingia ndani na kama umeruka, haikuonyeshi ni sharti lipi kati ya hayo mawili lililokurusha. Mtu anaweza kupima wasio wanachama tu maisha yake yote na hakuna rangi itakayomshtaki. Watu wanagombana na mwenye programu kwa hilo lakini ndivyo inavyofanya kazi, na si ya jana hii, Gareth Rees aliianza 2001 na Ned Batchelder ameibeba tangu 2004 mpaka leo, wangekuwa na njia rahisi nadhani tungeshaiona.

Kubwa zaidi ni hili ambalo sijui kama bosi wako analijua. Futa `assert` yote, bakiza `faini(10)` peke yake, piga testi. Asilimia haishuki hata nukta! Mlinzi ameandika kwamba gari limepita, hajaandika kama alifungua buti. Ukitaka kujua kama testi zako zinakamata kitu, kuna programu kama mutmut, inaingia kwenye kodi yako inageuza `>` kuwa `>=`, inageuza 500 kuwa 501, halafu inapiga testi zako kuona kama kuna inayolia. Ni ya polepole, usiipige kwenye projekti nzima, ipige kwenye yale mafaili yanayogusa pesa za watu. Kwenye faini yako itageuza `> 7` na testi ya 10 haitasema kitu, hapo utaongeza ya 7 na ya 8 mwenyewe bila kuambiwa.

Fundi, za kazi. Nina skripti inayotengeneza risiti za PDF nyingi kwa pamoja kwa `multiprocessing`, prosesi 4 (nakala 4 za programu zinazokimbia sambamba). Risiti zinatoka, testi inahesabu mafaili na inapita, lakini fanksheni ya kutengeneza risiti yote nyekundu. Nilisoma mahali nikaweka `concurrency = multiprocessing` na bado. — Arusha

Nzuri. Umefanya nusu. Kila prosesi ina mlinzi wake na daftari lake, ukipiga `ls -a` utaona vifaili kama `.coverage.laptopu.4121.` na herufi za ajabu mbele, na ripoti haivisomi hivyo mpaka uviunganishe. Kwa hiyo kwenye [run] ongeza `parallel = true`, kila kitu kikae kwenye faili la mipangilio maana ukiandika kwenye amri prosesi za watoto hazizioni, halafu baada ya testi piga `coverage combine` kisha ndo ripoti. Angalizo, `combine` ikishaunganisha inavifuta vile vifaili, kama unataka kuvichunguza ongeza `--keep`.

Ila kwako nadhani hata vifaili vyenyewe havipo au vipo pungufu, maana umeandika `with Pool(4) as p:`. Ile `with` ikifika mwisho inaita `terminate`, watoto wanauawa palepale kabla hawajaandika daftari. Kuna njia mbili, ama uandike mwenyewe `p.close()` halafu `p.join()` wamalize kwa amani, ama kama uko Linux uweke `sigterm = true` ili wakipigwa SIGTERM (ile ishara ya kuuawa inayotumwa na `terminate`) waandike kwanza ndo wafe. Mimi naipenda ya kwanza, hata bila mambo ya kavareji ni kodi nzuri zaidi. Kama kuna mahali kodi inatoka kwa `os._exit` hiyo nayo inaondoka bila kuaga, kuanzia toleo la 7.10 kuna `patch = _exit` ya kuizuia. Ukipiga `kill -9` lakini usimlaumu mtu, hiyo hakuna anayepona.

Kaka fundi, kwenye laptopu yangu ripoti inatoka vizuri. Kwenye GitHub Actions (inayopiga testi kwenye mitambo ya GitHub) testi zinapigwa ndani ya Docker (kisanduku chenye mazingira yake), kazi nyingine (job) inakusanya mafaili na kutoa ripoti. Kwanza ilikuwa inaleta `No source for code: '/app/src/mkopo.py'`. Nikahangaika nikabadilisha hiki na kile, sasa hivi inasema hakuna data kabisa! — Dada wa Dodoma

Dada pole, hayo ni matatizo mawili tofauti yamekukuta siku moja.

La kwanza, ndani ya Docker kodi yako inakaa `/app/src`, data ikaandikwa na anuani hiyo, kazi ya pili haina `/app` yoyote kwa hiyo inatafuta nyumba ambayo haipo mtaani kwao. Weka

    [run]
    relative_files = true

    [paths]
    chanzo =
        src
        /app/src

Hilo jina `chanzo` nimelitunga, andika lolote. Anuani ya kwanza ndo ile unayotaka ibaki, za chini yake ni majina mengine ya nyumba hiyohiyo, na kubadilishana kunafanyika wakati wa `combine`, ila tangu toleo la 7.0 kama una faili moja tu la data ripoti yenyewe inabadilisha, mafaili yakiwa mengi ndo lazima uipige.

La pili limewaumbua wengi. Faili la data linaitwa `.coverage`, linaanza na nukta, yaani ni faili lililofichwa. Tangu Septemba 2024 ile `actions/upload-artifact`, inayopakia mafaili ili kazi nyingine iyapate, imeacha kupakia mafaili yaliyofichwa mpaka uiruhusu, walifanya hivyo kwa usalama, watu walikuwa wanapakia mafaili ya siri bila kujua. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza inapakia hewa. Chini ya `with:` ongeza `include-hidden-files: true`, na kwenye `path` taja `.coverage*` peke yake usitaje folda nzima, tusije tukapakia na nywila za kanisa. (Ndiyo, niliona kwenye barua yako ni programu ya sadaka.)

Fundi nina 99% na kwenye jedwali mistari iliyobaki ni 1 tu kati ya 4,000 na kitu. Hii si ni mia kasoro ukucha? Kwa nini haikadirii? — Mbishi, Mwanza

Haikadirii kwa makusudi. 99.98 kwa hesabu za shule ni 100, lakini coverage haiandiki 100 mpaka iwe 100 kweli, na haiandiki 0 mpaka iwe 0 kweli. Kama `fail_under` (kiwango cha chini unachokubali) umeiweka 100 itakugomea hivyohivyo. Weka `precision = 2` chini ya [report] uone nukta zako, au uandike hiyo testi moja, dakika ulizotumia kuniandikia zingetosha.

Shikamoo. Mimi sina kompyuta, najifunza Python kwenye simu kwa Termux (programu ya terminali ya Android). Testi zangu zinachukua sekunde 9, nikiweka coverage naweza kwenda kuchota maji nikarudi bado inazunguka. Ni simu yangu au? — Kijana wa Songea

Marahaba kijana, na hongera, kuna watu wana laptopu mbili hawajaandika testi hata moja. Simu yako haina kosa kubwa. Piga `coverage --version` usome mstari wa kwanza mpaka mwisho. Kama umeandikwa `with C extension` basi ni uzito wa kawaida wa kuangalia kila mstari. Nahisi kwako imeandikwa `without C extension`. Maana yake wakati pip (kisakinishi cha Python) inaisakinisha ilikosa kikusanyaji (compiler) cha C, ikakuwekea ile ya Python tupu ambayo kila mstari wa kodi yako unafuatwa na mistari kibao ya kwao. Piga `pkg install clang`, kisha

    pip install --force-reinstall --no-cache-dir --no-binary coverage coverage

ukae nayo kidogo itakuwa inajijenga. Kisha `coverage --version` tena.

Njia nyingine kama Python yako ni 3.12 au zaidi, kabla ya amri andika `COVERAGE_CORE=sysmon`, hivi: `COVERAGE_CORE=sysmon coverage run -m pytest`. Hii inatumia utaratibu mpya wa Python wenyewe, na mstari ukishaonekana mara moja hausumbuliwi tena, kwa hiyo kwenye vitanzi virefu utaona tofauti. Ubaya wake ni ule wa mwenzio wa Tabata, chini ya Python 3.14 sysmon haipimi matawi, kwa hiyo wakati unaandika andika tumia sysmon, jioni simu ikiwa kwenye chaji piga mara moja na `--branch` bila hiyo sysmon, ukachote maji.